Tangu Lini Udongo Ukaelea

Inspekta Waridi Shamsudin aligeuza buti la kushoto la marehemu juu ya gazeti kuukuu, akaligonga kisigino mara tatu. Yalitoka maji machafu kwanza. Kisha zikamwagika pumba za mpunga, kiasi cha kujaza kiganja.

"Huo ndio ushahidi?" aliuliza Koplo Vitus, dereva na msaidizi wake. "Afande, hapa ni Ubaruku. Hapa pumba unazikuta mpaka kwenye chai."

Waridi alizichambua kwa kidole. Alikuwa na hasira tangu alipoondoka Mbeya mjini alfajiri, na kila alichokikuta katika kituo hiki cha polisi kiliiongeza. Jalada lenyewe lilikuwa nusu ukurasa. Asukile Mwaisaka, fundi sanifu wa kupima udongo, miaka hamsini na miwili, amekutwa amekufa kwenye lango la mfereji, jeraha kisogoni. Mtuhumiwa Samwel, mkazi wa kitongoji cha Isengo, alitoboa tuta la mto ili aibe maji ya shamba, marehemu akamfuma, mtuhumiwa akampiga kwa jembe. Aliyeandika alikuwa ameona vyema kupigia mstari maneno ya mwisho: kesi imekamilika.

Redio ya kituoni ilikuwa ikirudia tangazo lile lile. Kimbunga kilichoingia nchi kavu kutoka baharini kilikuwa kimepoteza upepo wake, lakini mvua yake ilikuwa inapanda Nyanda za Juu Kusini. Milimani ilikuwa imeshaanza kunyesha tangu usiku. Maji yaliyopita daraja la Igawa asubuhi hiyo yangefika Isengo saa tisa alasiri, na kati ya mto na kaya mia sita za Isengo hakukuwa na kitu kingine ila tuta lile, lililojengwa mwaka jana. Mkuu wa wilaya alikuwa na barua ya mkandarasi isemayo tuta litashika. Kwa hiyo hakuna mtu aliyehamishwa.

Na mtu pekee aliyepima udongo wa tuta hilo alikuwa amekufa.

Waridi aliinamia gazeti, akanusa. Alikulia Kihesa, Iringa, mtoto wa muuza mchele. Ungo aliushika kabla ya kalamu. Pumba zikitoka mashineni huwa kavu, za njano, na vumbi lake linawasha shingo. Hizi zilikuwa nyeusi, zimeshikana mabonge, zina harufu ya uchachu, na kila bonge lilikuwa na udongo mwekundu uliolibana.

"Zimekaa gizani muda mrefu," alisema. "Na zimekandamizwa. Niletee mtuhumiwa."

Samwel aliletwa pekupeku. Alikuwa mwembamba, viganja vimepasuka kama ukuta wa tope, na jicho moja limevimba. Waridi aliliangalia jicho lile, halafu akamwangalia askari wa zamu, mpaka askari akapata kazi ya kufanya nje.

"Shamba lako la mpunga liko wapi, Samwel?"

"Sina shamba, mama. Mimi nachoma tofali."

"Maji ya shamba ulikuwa unamwibia nani, basi?"

Samwel aliinua uso. Siku tatu amekaa mahabusu, na swali hilo jepesi hakuna aliyekuwa amemuuliza. Waridi alitamani kulichana jalada lile vipande vipande. Badala yake alisukuma gazeti lenye pumba mbele yake. Mwanamume yule alitazama pembeni haraka sana.

"Nikisema nitafungwa, mama. Wataniambia nimehujumu."

"Usiposema utanyongwa. Na mvua inakuja. Nani wako yuko Isengo?"

"Mke wangu. Pendo. Na watoto watatu."

"Sema."

Alianza taratibu, akaongeza kasi kama anayetua mzigo. "Zamani pumba ilikuwa bure. Pale mashine ya Mama Frida ilikuwa mlima, unachota unavyotaka, unachomea tofali. Mwaka jana ikaisha. Yote. Mimi nimefyatua tofali elfu ishirini, bado mbichi, na tofali mbichi ikinyeshewa inarudi udongo, mama. Siku hiyo napita kwenye tuta, naona panya buku amefukua shimo, na nje ya shimo kamwaga pumba."

"Panya?"

"Panya. Nikachimba kidogo kwa jembe. Nikakuta gunia. Nikalitoa. Nyuma yake gunia lingine, na nyuma yake lingine. Nikasema Mungu kanikumbuka."

"Hukujiuliza nani kaziweka humo?"

"Nilikuwa na tofali mbichi elfu ishirini, mama."

Vitus alikohoa. Hakuwa anacheka tena.

"Siku ya pili, saa moja asubuhi, yule fundi akanikuta," Samwel aliendelea. "Nikafikiri ananikamata. Hakunigusa. Aliingia kwenye shimo mpaka magotini, akawa anachota pumba kwa mikono, anaziangalia tu. Halafu akakaa chini. Akasema, 'Nimesaini mimi.' Akarudia, 'Nimesaini mimi.' Akaniambia niende nikawatoe watoto wangu chini ya tuta. Halafu akapiga simu."

"Alimpigia nani?"

"Sikusikia jina. Nilisikia tu anasema, 'Njoo uone kwa macho yako, nakusubiri hapa hapa.' Mimi nikakimbia. Jembe nikaliacha."

"Na watoto ukawatoa?"

Samwel alifunga jicho lake zima. "Nilikamatwa njiani, mama, kwa kutoboa tuta; mauaji wakaniongezea jioni. Hata nyumbani sikufika."

Simu ya marehemu haikuwa imepatikana. Waridi alikuwa ameomba orodha ya simu alizopiga, na kampuni ya simu ilikuwa imemjibu kwa adabu nyingi kwamba atapewa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa. Alifungua nyaraka za ujenzi alizochukua wilayani, akatafuta cheti cha vipimo. Vipimo arobaini vya ushindiliaji wa udongo, vyote vizuri, vyote vya tarehe moja, vyote kwa wino mmoja. Sahihi: A. Mwaisaka.

Shimo moja la kipimo, likichimbwa kwa haki, linakula karibu saa nzima. Arobaini kwa siku moja hayachimbiki hata na jeshi. Asukile alikuwa amesaini akiwa kwenye kiti, huenda chai iko mkononi, kisha mvua ilipotangazwa roho ikamsuta, akaenda kutazama. Waridi alijikuta amemkasirikia maiti. Laiti angekwenda mwaka mmoja mapema.

"Arudi mahabusu?" aliuliza Vitus.

"Akae hapo kwenye benchi, apewe chai. Kituo kiko mlimani, ni mahali salama kuliko kwake. Wewe lete gari. Na uchukue nondo moja pale nyuma, ile ndefu."

Mashine ya kukoboa ya Mama Frida ilikuwa njiani. Ilikuwa inaunguruma, wanawake wanne wanapeta chini ya bati, na nyuma yake, pale Samwel aliposema palikuwa na mlima, palikuwa na uwanja mtupu na kuku wawili.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu." Mama Frida alikuwa na mwili mkubwa na kilemba kilichojaa vumbi la njano. "Umekuja na mvua?"

"Inanifuata nyuma. Mama, pumba zako zilikwenda wapi?"

"Zilichukuliwa na malori ya mkandarasi wa tuta. Miezi mitatu, asubuhi na jioni, mpaka wakafagia chini. Waliniambia zinakwenda Iringa, kwenye mabanda ya kuku."

"Na ulimwona kuku wa Iringa anayekula namna hiyo?"

Mama Frida alicheka, kisha kicheko kikamkatikia katikati. Alitazama upande wa mtoni. "Malori yalikuwa hayaelekei barabara kuu," alisema polepole. "Nilidhani wanapita njia ya mkato."

Waridi alimshukuru, akaondoka. Kuhusu Samwel hakumwambia neno lolote, na alihakikisha Vitus naye hasemi.

Tuta lilionekana zuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Nyasi zilikuwa zimepandwa kwa mistari, juu pana kama barabara, ubavu umenyooka. Upande mmoja mto ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu na kubeba matawi. Upande wa pili, chini kabisa, mabati ya Isengo yalikuwa yanapumua moshi wa mchana. Yadi ya mkandarasi, chini pale pale karibu na kitongoji, ilikuwa tupu. Mlinzi alisema mitambo, jenereta na saruji vilihamishiwa Igawa juzi.

"Juzi," Waridi alirudia. "Barua ya kusema tuta litashika ameiandika lini?"

Vitus alitazama nakala. "Juzi hiyo hiyo, afande."

Mahali pa shimo la Samwel walipatambua kwa sababu hapakuwa na nyasi na udongo wake ulikuwa na alama za meno ya mtambo. Mtu alikuwa amelifukia vizuri sana, siku hiyo hiyo aliyokufa Asukile, kabla mitambo haijaondoka. Waridi alihesabu hatua kumi kutoka hapo, penye nyasi za zamani, akaonyesha kwa kidole.

"Choma hapa."

Vitus alitema mate viganjani, akaisukuma nondo. Mkono wa kwanza wa udongo ulikuwa mgumu, ikabidi aizungushe na kutukana kwa Kihehe. Kisha nondo ikazama yenyewe mpaka ngumi zake zikagonga ardhi, naye akaanguka kifudifudi.

Alipoichomoa, ncha yake ilikuwa na nyuzi za kiroba na pumba nyeusi.

Walikwenda hatua hamsini mbele, ikawa hivyo hivyo. Hatua mia, hivyo hivyo. Vitus alikaa chini. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Hili si tuta," alisema. "Hili ni godoro."

Gari jeupe lilikuja juu ya tuta kwa kasi na kusimama. Mhandisi Aroni Mwasenga, mkandarasi, alishuka akiwa na kizibao cha njano na viatu visivyo na tope. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na tabasamu alikuwa nalo hata sasa.

"Dada yangu Inspekta, nimeambiwa mnanitobolea tuta. Kwa heshima zote, hiyo ni hujuma."

"Tunalipima, Mhandisi. Litashika?"

"Dizaini yake ni ya mvua kubwa inayokuja mara moja kwa miaka hamsini. Hii ya leo ni rasharasha."

"Mara ya mwisho kufika hapa ni lini?"

"Desemba, siku ya makabidhiano. Tangu hapo sijakanyaga. Kazi yangu ilikwisha."

"Asukile Mwaisaka alikuwa mtu wako?"

"Alikuwa mtu mwema. Inasikitisha sana." Aroni alitikisa kichwa. "Lakini si mmeshamkamata muuaji?"

"Ndiyo, ila ananisumbua," Waridi alisema, akajifanya amechoka. "Anasema yeye na marehemu walielewana. Anasema marehemu alimwambia tuta ni bovu. Na mimi naona kama anasema kweli."

Tabasamu liliondoka. "Inspekta mzima unamsikiliza mwizi wa pumba?"

Upepo ulipita juu ya tuta. Vitus, aliyekuwa anajipangusa magoti, aliacha kujipangusa.

"Mwizi wa nini?" Waridi aliuliza.

"Si... huyo Samwel."

"Jalada linasema mwizi wa maji. Polisi wote wa hapa wanasema maji. Redio imesema maji. Pumba ametuambia sisi wawili tu, mimi na dereva wangu, saa mbili zilizopita. Mwingine aliyemwona nazo ni Asukile. Wewe umezisikia kwa nani?"

"Wachoma tofali wote wanaiba pumba mashineni, kila mtu anajua!"

"Mashineni hakuna pumba ya kuiba tangu ulipoanza kujenga. Malori yako yalifagia mpaka chini." Waridi alimsogelea. "Asukile alikupigia simu, akakuambia njoo uone kwa macho yako. Ukaja. Ukaona. Yeye akataka kusema, wewe hukutaka. Ukamtupa kwenye lango la mfereji, kisha ukaleta mtambo ukafukia shimo. Vitus, pingu."

Aroni alinyoosha mikono bila kubisha, na ukimya wake ulimwambia Waridi kwamba mtu huyu amekwisha piga hesabu. Mauaji yangechukua miaka kuthibitishwa mahakamani. Tuta likianguka leo, ushahidi wote ungekwenda na maji. Kumbe kunyamaza tu kulimtosha.

Waridi alimpigia mkuu wa wilaya, akasimulia kwa sentensi tano.

"Inspekta, kuhamisha kaya mia sita si mchezo. Mimi nahitaji maandishi ya mhandisi."

"Mhandisi nimemfunga pingu, mheshimiwa."

"Basi mwingine kutoka Mbeya."

"Atafika saa kumi na moja. Maji yanafika saa tisa!"

"Bila maandishi sina la kufanya," ilisema sauti, ikakata.

Waridi aliishika simu kwa nguvu mpaka kioo kikalalamika. Ilikuwa saa saba na nusu. Matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka, makubwa, moja moja. Alimsukuma Aroni ndani ya Land Cruiser ya polisi.

"Juzi uliandika barua iliyowafanya watu hawa wakae. Leo utasimama mbele yao uwaambie watoke."

"Siwezi kusema uongo," alisema Aroni, na Waridi alilazimika kukalia mikono yake mwenyewe.

Isengo walikusanyika uwanjani mbele ya kanisa, maana gari la polisi huvuta watu kuliko kengele. Waridi alisema yake. Alisema kwa sauti kubwa, alisema kuhusu viroba na nondo, na aliona macho yao yanahama kutoka kwake kwenda kwa Aroni. Yeye walikuwa hawamjui. Mhandisi walimjua, aliwachimbia choo cha shule. Pingu alikuwa amezifunika kwa kizibao.

"Mhandisi mwenyewe anasemaje?" mzee mmoja wa kanisa aliuliza. "Tuna wagonjwa, tuna mifugo, mpunga uko ndani. Tukitoka bure, nani atalinda?"

Aroni aliinua uso. Waridi hakuamini kwamba angethubutu, lakini alithubutu. "Wazee wangu," alisema, sauti imetulia, "tuta liko imara. Hawa ni wageni. Nililijenga kwa mikono yangu."

Watu walishusha pumzi. Wengine walianza kugeuka kurudi majumbani. Waridi alihisi hasira ikimpanda mpaka machoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakujua la kufanya nayo.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipopenya katikati ya watu, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Aliitua mbele ya miguu ya Aroni, maji yakamrukia viatu.

"Mimi ni Pendo, mke wa Samwel," alisema. "Huyo mnayemfunga. Leo asubuhi nyuma ya nyumba yangu, pale chini ya tuta, imetoka chemchemi. Nikafurahi, nikasema maji yamekuja mlangoni. Nimechota. Nimesubiri yatulie. Haya, angalieni wenyewe."

Waridi aliinama. Wanawake waliinama. Chini ya ndoo kulikuwa na udongo mwekundu kidogo. Juu yake maji. Na juu ya maji, zikizunguka polepole, pumba nyeusi zilikuwa zimeelea, zimefunika ndoo nzima.

"Mhandisi," Pendo alisema, "sisi hapa wote tumezaliwa kwenye mpunga. Hebu tuambie. Tangu lini udongo ukaelea?"

Wanawake wale walikuwa wamepeta maisha yao yote. Hawakuhitaji maabara wala cheti. Bibi mmoja alichota pumba kwa vidole, akazinusa, akazitupa kama aliyeshika mavi.

Lakini Aroni hakuwa anamtazama bibi. Alikuwa anaitazama ndoo. Yeye peke yake katika uwanja ule alijua maana ya maji kutoka na pumba: kwamba ndani kumeshafunguka njia, na kwamba haichukui saa nyingi. Kisha akakimbia. Alikimbia na pingu mikononi, kizibao kikaanguka, akarukia nyuma ya Land Cruiser na kujibanza kwenye kona.

"Tuondoke!" alipiga kelele. "Inspekta, tuondoke! Linakwenda! Halina kitu ndani lile, ni viroba vitupu, linakwenda!"

Watu wakatawanyika bila kujadiliana tena. Majina ya watoto yakaanza kuitwa, milango ikafunguliwa, mbuzi wakakatwa kamba. Kengele ya kanisa ikaanza kupigwa na mzee yule yule aliyeuliza nani atalinda.

"Umeandika?" Waridi alimuuliza Vitus.

"Neno kwa neno, afande. Na saa. Saa nane kasoro kumi."

"Upige picha ukurasa huo umtumie mkuu wa wilaya. Alitaka maandishi ya mhandisi."

Alikwenda nyuma ya gari. Aroni alikuwa amekumbatia gurudumu la akiba.

"Teremka."

"Dada yangu, nakuomba..."

"Teremka. Gari hili ni la wagonjwa na watoto." Alimshika ukosi akamvuta mpaka miguu yake ikagusa tope, kisha akampandisha Pendo na watoto wake watatu mahali pale pale. "Mume wako yuko kituoni, anakunywa chai," alimwambia. "Nenda kamwambie wewe mwenyewe." Pendo akaanza kupokea watoto wa wenzake waliokuwa wananyooshewa kutoka chini.

Mvua sasa ilikuwa inashuka yote. Msafara ulianza kupanda kuelekea kituoni, magodoro vichwani, kuku makwapani. Aroni alijaribu kujiunga nao katikati. Waridi alimrudisha kwa mkono mmoja kifuani.

"Wewe utatembea wa mwisho," alisema. "Nyuma ya bibi wa mwisho na mbuzi wa mwisho. Na mimi nitakuwa nyuma yako."

Walisubiri mpaka bibi wa mwisho akapita, naye alikuwa na mguu mbovu na haraka hakuwa nayo. Aroni alimfuata, hatua moja baada ya nyingine, huku kila mara akigeuka kulitazama tuta alilolijenga.